Mbwa wa Kulinda na Mbwa wa Kuwinda
Mazungumzo kwa wakulima wa wilaya za Tarime na Serengeti



Leo tutazungumza juu ya mbwa wa shamba. Kazi yake mnaijua. Usiku nungunungu huchimba muhogo na nguruwe huvuruga matuta. Mchana nyani huvunja mahindi. Mbwa akibweka, mlinzi aliye juu ya dungu huamka. Hiyo ni kazi njema.

Lakini mnyama akiisha kukimbia, mwite mbwa wako arudi. Ukimfuata paa au digidigi porini kwa mbwa na mikuki, hulindi tena, bali unawinda. Usiseme, "Ni mnyama mdogo tu." Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yamtaka mwindaji awe na leseni, nayo hutaja aina ya mnyama, idadi na mahali. Hata mwenye leseni haruhusiwi kuwinda kwa mbwa, mtego wa waya, shimo wala sumu, pasipo idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, pamoja na upande wa Lamai, leseni ya kuwinda haitolewi kabisa.

Ukilazimika kumwua mnyama ili kuokoa maisha au mazao, toa habari upesi kwa Ofisa Wanyamapori. Nyama hiyo si yako. Ni nyara ya Serikali. Mtu aweza kufungwa kwa kitoweo cha siku moja, na wakati wa palizi ukapita shamba likiwa majani matupu.

Iko sababu nyingine. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa uliua simba wapata 1,000 wa Serengeti, yaani theluthi moja. Wataalamu waliona kwamba asili yake ni mbwa wa vijijini. Tena kichaa cha mbwa huua watu.

Basi, fanya hivi:

1. Fyeka kichaka kinachozunguka shamba, mnyama asipate maficho.
2. Pandeni pamoja na majirani, mpate kulinda kwa zamu.
3. Mchanje mbwa kila mwaka.
4. Ukitaka kuwinda, kwanza muulize Ofisa Wanyamapori wa wilaya.

Mbwa akae shambani, nawe ukae nyumbani kwako, mpaka mavuno yaingie ghalani.