SIMU HAIPIMI GUNIA

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanakisomo na wakulima kijijini.)



Nimeombwa niseme machache juu ya simu. Nasikia hapa kijijini wapo wanaotaka darasa la jioni lifungwe. Wanasema: "Siku hizi kila kitu kimo ndani ya simu. Bei ya mazao imo, habari zimo, hata benki imo. Maskini na tajiri sasa ni sawa. Darasa la nini tena?"

Hebu tuyapime maneno hayo.

Simu ni kitu kizuri. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Zamani mtoto aliyeko mjini alimpa dereva wa basi bahasha amfikishie mama yake. Nyingine zilifika, nyingine zilipotea njiani. Leo mama anapata fedha siku hiyohiyo. Faida hiyo hatuikatai.

Lakini je, simu peke yake yaweza kumwinua mnyonge?

Tuchukue mahindi. Mkulima anapiga simu mjini, anaambiwa bei ya kilo. Anafurahi. Kesho yake mnunuzi anafika na lori. Analijaza gunia, anashindilia, anaongeza juu mpaka gunia linaota nundu. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza. Mkulima anajua kabisa kwamba anaibiwa. Mbona anauza? Anauza kwa sababu hana ghala, hana lori, mtoto anadaiwa sare za shule, tena yuko peke yake. Simu imemwambia bei. Haikumpa mizani. Haikumpa nguvu ya kusema, "Sitaki, ondoka na lori lako."

Na yule mwenye lori, je, hana simu? Anayo. Anauliza bei katika masoko matatu, kisha anapeleka mzigo penye faida kubwa. Chombo ni kilekile, lakini mwenye mtaji anavuna zaidi. Basi simu yaweza hata kumwongezea aliyenacho.

Sasa tuingie nyumbani. Simu ya nyumba ni ya nani? Katika nchi nyingi za Afrika, wanawake wenye simu ni wachache kuliko wanaume. Mama analima, anapalilia, anavuna. Ujumbe wa bei unaingia kwenye simu ya baba, na baba yuko kilabuni. Na yule mama mwenye simu lakini hajui kusoma, anamwomba kijana amsomee. Anamtajia na namba ya siri. Hapo siri iko wapi?

Wazee mliopo hapa mnakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilitufundisha juu ya malaria, kichocho na magonjwa mengine. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Vyoo vikachimbwa, majani yakafyekwa. Je, redio ndiyo iliyoshika jembe? Hapana. Watu walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyefundishwa. Palikuwa na kitabu cha kusoma. Baada ya kusikiliza walijadiliana: hapa kwetu tatizo ni nini, na tutafanya nini? Kisha wakaenda kufanya. Redio ingeachwa iseme peke yake, watu wangesikiliza, wakaizima, wakalala.

Ndugu zangu, simu nayo ni hivyo hivyo. Ni kama jembe: zuri, lakini halilimi lenyewe, wala halimpi shamba asiye na shamba.

Kwa hiyo naomba darasa lisifungwe. Badala yake tufanye mambo matatu.

Kwanza, kila mwanakisomo ajue kusoma ujumbe wake mwenyewe na kutunza namba yake ya siri. Asimtajie mtu.

Pili, tuuze mazao kwa pamoja, katika chama chetu, kwenye mizani yetu. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, lori linakwenda kwa jirani yake. Tukikataa sote, mnunuzi itabidi apime. Hapo ndipo kujua bei kutakuwa na maana.

Tatu, akina mama wawemo katika kamati ya mauzo, na fedha ya jasho lao waipokee wenyewe.

Haya hayamo ndani ya simu, hata ile ya bei kubwa kabisa. Yamo katika mkutano wetu, na katika umoja wetu. Kidole kimoja hakivunji chawa.