Ndege za Vita na Lugha ya Vitisho kati ya Mataifa

Hotuba kwa viongozi wa halmashauri za walei



Ndugu wapendwa, nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa mbali na parokia zetu. Ni desturi ya mataifa yenye nguvu kurusha ndege za kivita karibu na mipaka ya wapinzani wao, si kwa nia ya kupiga, bali kwa nia ya kuonwa.

Tarehe 23 Novemba 2013 China ilitangaza eneo la ulinzi wa anga juu ya Bahari ya China Mashariki, ikazitaka ndege zinazopita humo zijitambulishe. Siku chache baadaye Marekani ilipitisha humo ndege mbili aina ya B-52 kutoka kisiwa cha Guam, bila kutoa taarifa. Hazikuwa na silaha. Hata hivyo kila serikali ya upande ule ilielewa kilichosemwa: amri hiyo hatuitambui. Mwezi Julai 2024 ikawa zamu ya wengine. Ndege za Urusi na za China za kudondoshea mabomu ziliruka pamoja karibu na Alaska, na ndege za Marekani na Kanada zikapaa kuzikabili. Ziliruka katika anga ya kimataifa, wala sheria haikuvunjwa. Lakini ujumbe ulifika.

Wako wanaoitetea desturi hii. Husema kwamba afadhali kutishana kuliko kupigana, kwa kuwa ndege yaweza kurudishwa nyumbani, ila risasi ikishatoka hairudi. Hoja hiyo ina uzito, tusiidharau. Kasoro yake ni kwamba anayetisha huchagua maneno yake, lakini hana uwezo wa kuchagua jinsi mwenye hofu atakavyoyasikia.

Fikirini majirani wawili wanaogombania mpaka wa shamba. Mmoja hutoka kila jioni akanoa panga mlangoni pake, huku akimtazama mwenzake. Hajamkata mtu. Lakini nyumba ya pili hailali usingizi, nayo imeweka panga chini ya kitanda. Usiku mmoja mtoto wa jirani wa tatu apita gizani akitafuta mbuzi aliyepotea. Nani atakayekatwa?

Jambo la namna hiyo lilitokea kweli mwaka 1983. Mwezi Aprili, wakati wa mazoezi makubwa ya kijeshi katika Pasifiki ya Kaskazini, ndege za jeshi la majini la Marekani ziliruka juu ya kisiwa kimoja cha Kurili kilichokuwa chini ya Umoja wa Kisovieti. Wasovieti wakalalamika rasmi. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba, ndege ya abiria ya Korea ya Kusini iliyokuwa ikitoka New York kwenda Seoul kupitia Anchorage ilipotea njia kwa kosa la uongozaji, ikaingia katika anga ya Kisovieti. Usiku ule ule ndege ya upelelezi ya Marekani ilikuwa imeruka karibu na Kamchatka. Walinzi wa anga wakaamini kwamba huyu naye ni mpelelezi. Karibu na kisiwa cha Sakhalin ndege ile ikapigwa kwa makombora, na watu wote 269 waliokuwamo wakafa. Miaka mingi baadaye rubani aliyeipiga alisimulia kwamba aliyaona madirisha yake, akajua ni ndege ya kiraia. Lakini jambo hilo halikumbadilisha, kwani aliona kuwa ndege ya kiraia yaweza kutumiwa kijeshi.

Hapo ndipo hofu inapomfikisha mtu: kuona madirisha, asiwaone watu. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Baada ya msiba ule yalitendeka mambo mema. Mwaka 1984 mataifa yalikubaliana kuongeza katika mkataba wa usafiri wa anga kifungu kinachokataza kutumia silaha dhidi ya ndege za kiraia zilizo angani. Mwaka 1985 Marekani, Japani na Umoja wa Kisovieti zilipatana kwamba waongoza ndege wao wa Pasifiki ya Kaskazini wawasiliane moja kwa moja. Mwaka 1992 ulitiwa saini Mkataba wa Anga Wazi, ulioziruhusu nchi wanachama kurusha ndege zisizo na silaha juu ya nchi za wenzao na kupiga picha, ili kila mmoja ajionee kwamba hakuna kinachofichwa. Ndege iliyokuwa chombo cha vitisho ikawa chombo cha kuondoa shaka. Kwa masikitiko, Marekani ilijitoa katika mkataba huo mwaka 2020, na Urusi ikafuata mwaka 2021.

Papa Yohane XXIII, katika waraka wake *Pacem in Terris* wa mwaka 1963, alifundisha kwamba amani ya kweli haijengwi juu ya usawa wa silaha, bali juu ya kuaminiana. Wako wanaoyaona mafundisho hayo kuwa ndoto. Lakini simu kati ya waongoza ndege si ndoto, wala mkataba si ndoto. Kuaminiana hujengwa kwa matendo madogo yanayopimika, na hubomoka watu wanapochoka kuyatenda.

Basi ndugu zangu, nanyi ni waamuzi katika jumuiya zenu. Mkimwona mtu ananoa panga mlangoni, msiseme kwamba hajamkata mtu. Nendeni kwake siku hiyo hiyo, kisha nendeni kwa jirani yake.



Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni vitisho gani tumevizoea hata tukaviita amani?
2. Ni nani hapa kwetu aliye "nyasi" katika ugomvi wa wengine?
3. Ni tendo gani moja tunaloweza kufanya mwezi huu ili pande mbili zinazoogopana zianze kusemezana?