Ua Linalohitaji Jirani

Akina mama na akina baba mnaotusikiliza Dilala, Manika na Musonoi, leo tuingie ndani ya lupango, kiwanja cha nyumba, tusimame chini ya lile ua kubwa linaloning'inia kama tarumbeta na kunukia jua likizama. Wataalamu huliita brugmansia. Ni ndugu wa nyanya na tumbaku, na asili yake ni Amerika ya Kusini. Kwa mujibu wa orodha ya IUCN, shirika la uhifadhi wa mazingira, aina zake zote zimekwisha porini. Zimebaki mikononi mwa watu wanaozipanda.

Kupanda ni rahisi. Mvua zikianza, Oktoba au Novemba, kata kijiti kilichokomaa, unene wa kidole, ukichomeke katika udongo mweusi wenye mbolea ya mbuzi. Udongo wa mgodini uache. Mnavijua vilima vyetu vya shaba, havina miti: shaba ikizidi, mizizi inadumaa.

Mbona basi ua linachanua bila kuzaa? Kwa sababu kwa kawaida mti huu haupokei unga wake wenyewe, yaani chavua yake. Na ikiwa kijiti ulipewa na jirani, mti wako na wake ni mti mmoja. Tafuta mwenye ua la rangi nyingine.

Jioni, chagua ua linalotaka kufunguka. Lipasue ubavuni polepole, utoe vijiti vitano vyenye unga. Chukua unga wa ua la yule mwingine, uupake kwenye ncha ya kijiti kirefu cha katikati. Funga mdomo wa ua kwa uzi, na kikonyo ukitie uzi wa rangi uwe alama. Tunda likishika, vumilia miezi kadhaa. Kila mbegu italeta ua lake, lisilo sawasawa na la mama wala la baba.

Sikieni vizuri: jani, ua na mbegu vina sumu. Mtu huweweseka, moyo humwenda mbio, na anaweza kufa. Panda mbali na watoto na mbuzi. Ukimaliza kazi, nawa mikono kabla ya kugusa macho. Mtoto akila, mkimbize hospitali na kipande cha mmea mkononi. Wala msilifanye dawa.

Basi leo jioni, upepo ukikuletea harufu kutoka lupango ya mwingine, nenda ukapige hodi. Ulizia rangi.