Kasumba, Damu na Ukoo

Maneno ya leo yanahusu jambo ambalo husemwa kwa kunong'ona zaidi kuliko kwa sauti. Husemwa ya kwamba nyumba fulani ina damu ya ulevi. Kijana mmoja akishikwa na unga au vidonge, ndugu zake wote hutiwa katika hesabu ile ile. Posa ya dada yake hurudishwa, na mdogo wake hupekuliwa mifuko kila arudipo kutoka sokoni. Jirani ambaye hajapatwa naye hujiona amesalimika kwa ubora wa asili yake. Basi yafaa kupima khabari hiyo kwa elimu ya maumbile, maana watu wengi wamekwisha hukumiwa kwayo.

Kasumba, ambayo pia huitwa afyuni, ni utomvu wa mmea. Ndani yake hutolewa morfini na kodeini, na kwa morfini hutengenezwa heroini. Mwaka 1973 wataalamu wa Marekani na wa Sweden, kila kundi likifanya kazi peke yake, walithibitisha ya kuwa katika ubongo mna mahali makhsusi panaponasa dawa hizi, kama kufuli inavyopokea ufunguo wake. Mahali hapo huitwa vipokezi. Walakini ilikuwa ajabu mwanadamu kuumbwa na kufuli ambayo ufunguo wake umo katika mmea wa shambani. Jawabu lilipatikana Aberdeen, katika nchi ya Scotland, mwaka 1975, pale John Hughes na Hans Kosterlitz walipoeleza ya kwamba mwili wenyewe hufanya dawa ya namna hiyo. Kufuli haikuwekwa kwa ajili ya kasumba. Imewekwa ili mwenye kuumia apate utulivu, na mama apate raha ya kumpakata mwanawe. Kasumba ni mwizi aliyeikuta kufuli ya watu, akawa na ufunguo unaoingia.

Sasa vipokezi hivi havilingani kwa watu wote. Kipokezi kilicho kikubwa katika jambo hili, kiitwacho myu, hujengwa kwa maagizo ya jeni moja iliyomo katika kromosomu ya 6. Maagizo hayo ni mfano wa maandishi yenye herufi nne tu, na mahali pa 118 watu wengine wana herufi A, na wengine wana G. Mwaka 1998 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, mjini New York, walitoa khabari ya kwamba kipokezi chenye G huishika dawa moja ya mwili, endofini beta, kwa nguvu kiasi cha mara tatu. Watu wakadhani siri ya ulevi imefichuka. Wakapimwa wagonjwa wa nchi mbalimbali. Wengine wakaiona G kuwa na hatari, wengine hawakuona kitu. Mwaka 2020 ukatoka uchunguzi mkubwa wa Marekani, wa watu zaidi ya laki moja. Kwa wale wenye asili ya Ulaya mahali pale palionekana kuhusiana na ugonjwa huu, lakini kwa kiasi kidogo mno. Kwa Wamarekani weusi halikuthibitika.

Tena kuna jambo ambalo wasemaji wa damu hawalijui. Katika Asia ya Mashariki herufi G ni nyingi, kiasi cha 4 katika kila nakala 10 za jeni hiyo. Ulaya ni kiasi cha 15 katika 100. Kwa Waafrika wa kusini ya Sahara ni haba sana. Mtu wa Kivu, au wa Bujumbura, au wa Kigali, akitaka kumsingizia G ulevi wa mwanawe, yamkini ataitafuta asiione. Na juu ya uhaba huo, heroini ilipofika pwani katika miaka ya 1980 haikukosa wateja Mombasa, wala Malindi, wala Unguja, wala Dar es Salaam.

Hata hivyo si haki kusema urithi haumo kabisa. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha ya kwamba karibu nusu ya tofauti iliyopo baina ya watu katika kushikwa na ulevi yatokana na urithi. Lakini neno hili hufahamika vibaya. Maana yake si kwamba nusu ya ulevi wa Fulani imetoka kwa babu yake. Ni hesabu ya kundi zima la watu, si ya mtu mmoja. Nao urithi wenyewe umetawanyika katika jeni nyingi mno, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo, wala hapana kipimo cha damu kiwezacho kumwambia mchumba kama huyu atakuwa mlevi au hatakuwa.

Nusu ya pili ina ushahidi wake. Askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971 walichunguzwa na bibi mtaalamu, Lee Robins. Kiasi cha mmoja katika kila watano alikuwa ameshikwa na kasumba au heroini kule vitani. Serikali ikaingiwa na hofu kubwa. Kumbe katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi kwao, miongoni mwa hao walioshikwa, ni kiasi cha mmoja tu katika ishirini aliyeshikwa tena. Jeni zao hazikubadilika ndani ya ndege. Kilichobadilika ni mahali: hofu iliondoka, unga haukuwa karibu, na mtu alirudi kwa watu wake na kazi yake.

Mwenye kukaa Dzaleka atayaelewa haya upesi. Mahali hapo, katika wilaya ya Dowa, palikuwa gereza katika zama za Rais Banda, na husimuliwa ya kwamba jina lake latokana na neno la Kichewa la mfungwa aahidiye kuacha: nitaacha. (Ni ajabu ya majina, kwa kuwa hilo ndilo neno ambalo kila mlevi humwambia mamaye.) Kambi ilifunguliwa 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi na kitu, leo wamo zaidi ya elfu hamsini. Mwaka 2023 amri ya serikali iliwarudisha kambini wengi waliokuwa na maduka Lilongwe. Kijana aliyekuwa akihesabu mauzo ya babaye leo hukaa kutwa bila kazi. Atakayeuliza kwa nini kijana huyo ameanza kunywa kachasu au kuvuta chamba, na aulize khabari ya duka kabla ya kuuliza khabari ya damu.

Liko jambo moja la vipokezi ambalo kila mwenye mgonjwa nyumbani lazima alijue. Mtu akizoea kasumba, vipokezi vyake hulegea, hata kipimo cha jana hakimtoshi leo. Akiacha kwa majuma kadhaa, kwa kufungwa au kwa kutibiwa, huamka tena. Basi akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi hukatika. Wengi hufa siku hiyo, na watu husema amekufa kwa ukaidi. Akikutwa hazinduki na pumzi ni ya kukatika-katika, alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja. Iko dawa, naloksoni, inayoiondoa kasumba katika kipokezi kwa dakika chache. Nayo metadoni, inayotolewa katika hospitali ya Muhimbili tangu Februari 2011, hukaa juu ya kipokezi kwa utaratibu, mgonjwa akiinywa kila siku mbele ya mwuguzi. Wasemao kwamba huko ni kutoa ulevi na kutia ulevi hawajamwona mtu aliyeacha kuiba akarudi kazini.

Limebaki la wagonjwa wa saratani. Wako watu wanaomkataza mama yao morfini, kwa kuwa mjomba alikuwa mlevi, wakihofu damu. Uganda, tangu 1993, Daktari Anne Merriman na wenzake waliwapa wagonjwa wa namna hiyo morfini ya maji, ya kunywa, hata majumbani mwao, wakafa bila ya kupiga kelele za maumivu. Mama huyo na apewe dawa kwa kipimo cha tabibu, na jina la mjomba lisitajwe kitandani pake.