Nani Abaki Nyumbani?
Maneno yetu juu ya kigari cha pembeni cha pikipiki

(Hotuba ya dawati la uhusiano wa polisi na jamii mbele ya mkutano wa wananchi, Ludara)

Leo hatukuja kutafuta mhalifu. Tumekuja kwa sababu ya swali tuliloulizwa, ambalo hatukuweza kulijibu siku ile.

Jioni moja, jua likikaribia kuzama, tuliisimamisha pikipiki katika barabara itokayo Koboko. Juu ya tangi la mafuta alikaa mtoto wa kiume wa miaka minne hivi. Nyuma yake alikuwa baba, ambaye ndiye dereva. Nyuma ya baba alikuwa bibi kizee anayetetemeka kwa homa, na nyuma ya bibi alikuwa mama aliyebeba mtoto mchanga mgongoni. Walikuwa watu watano, na helmeti ilikuwa moja, nayo ilining'inia kwenye usukani. Tukamwambia baba yale ambayo kila askari husema mahali kama pale. Akatusikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza: "Afande, ningemwacha nani?"

Tulinyamaza. Sheria tulikuwa nayo, lakini sheria peke yake haikuwa jibu la swali lile. Bibi alihitaji daktari, mama ndiye wa kumuuguza, mtoto mchanga hanyonyeshwi na mwingine, na mtoto wa miaka minne haachwi nyumbani peke yake usiku. Tuliwapakia katika gari letu hadi kituo cha afya. Lakini gari la polisi halitakuwapo kila jioni, na njia zetu ni nyingi.

Sisi wa mipakani tunalijua jambo hili kuliko wengine. Hata jina la bodaboda lilizaliwa mpakani, kule Busia, kati ya Uganda na Kenya, ambako vijana wa baiskeli walivusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Nasi wilaya yetu inapakana na nchi mbili, Kongo na Sudan Kusini, nazo hukutana na Uganda pale Salia Musala. Basi pikipiki kwetu ndiyo gari la mgonjwa, la harusi, la shule na la soko.

Sheria ya nchi hii inairuhusu pikipiki ya magurudumu mawili kubeba abiria mmoja nyuma ya dereva, na wote wawili wavae helmeti. Haikuandikwa ili kumtesa maskini. Pikipiki husimama kwa mizani, na mizani hiyo huharibika kila mtu anapoongezwa. Mtoto anayekaa juu ya tangi ndiye anayetangulia mbele chombo kinapogonga, na baba aliye nyuma yake humkandamiza kwa uzito wake wote.

Tangu siku ile watu kadhaa wametuuliza habari za kigari cha pembeni, yaani kile kiti chenye gurudumu lake kinachofungwa ubavuni mwa pikipiki. Wametuuliza kama kinafaa, na kama kinafaa, mtu achague kipi. Tumelitafakari jambo hili pamoja na mafundi na madereva, nasi tunawaletea tuliyoyapata.

Kigari hiki si kitu kigeni duniani. Huko Uingereza, kabla ya magari madogo ya bei nafuu kuenea, kilikuwa gari la familia ya mfanyakazi: baba akiendesha, mama na mtoto wakikaa ubavuni. Huko Ufilipino, pikipiki yenye kigari ubavuni ndiyo teksi ya vijiji na miji midogo hadi leo. Karibu zaidi nasi, katika wilaya ya Mangochi nchini Malawi, vituo vya afya vya vijijini vilipewa pikipiki zenye kitanda ubavuni za kuwapeleka akina mama wenye uchungu hospitalini, na watafiti wakaona kwamba muda wa kusubiri usafiri ulipungua kwa saa kadhaa. Basi kigari kinafaa. Wazee walisema kwamba mafiga matatu ndiyo yainjikayo chungu. Lakini mafiga yakipangwa vibaya, chungu humwagika, na mara nyingine humwagikia watoto walioketi karibu.

Jambo la kwanza la kuchagua ni upande. Hapa Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo kigari kifungwe kushoto, ili abiria wawe upande wa majani na dereva awe upande wa katikati ya barabara. Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia, na vigari vilivyoundwa kwa ajili ya nchi za namna hiyo hufungwa kulia. Mtu akikuuzia kwa bei nzuri kigari cha kulia kilichotoka ng'ambo, usikinunue kwa matumizi ya huku. Kitamweka mkeo au mama yako katikati ya barabara, chini kabisa, usawa wa bampa la lori linalokuja. Vivyo hivyo, kigari chetu cha kushoto kinapopita Oraba na kuingia Kaya, usalama wake hugeuka kuwa hatari: abiria wanakuwa katikati, na dereva hawezi kuchungulia mbele ya gari analotaka kulipita. Ushauri wetu ni huu: safari ya familia ikivuka mpaka, shukeni, vukeni kwa miguu, mpande chombo cha upande wa pili. Na kama ni lazima chombo kivuke, kiende polepole, kisipite gari lolote, na mwenyewe aulize mapema kama bima yake inavuka mpaka pamoja naye.

Jambo la pili ni uzito. Pikipiki nyingi tunazoziona hapa zina injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, nazo ziliundwa kumbeba dereva na abiria mmoja na mzigo kidogo. Tufanye hesabu ya nyumbani. Baba ana kilo 70, mama 60, mtoto 20, na kigari chenyewe cha chuma hakipungui sana kilo 70. Jumla ni kilo 220, na bado hatujaweka gunia la mihogo. Gurudumu la tatu hubeba sehemu ya uzito huo, lakini injini, klachi, cheni na breki huuvuta wote. Kwa hiyo chagua kigari chepesi, na uchague pikipiki yenye nguvu zaidi kati ya zile unazoweza kuzinunua. Ndani ya kigari akae mtu mzima mmoja, au mtu mzima na mtoto mmoja, kila mmoja na nafasi yake. Wala kigari kisiwe sababu ya kumweka mwingine nyuma ya dereva, na mwingine juu ya tangi kama zamani.

Jambo la tatu ni viungo. Hapa ndipo tulipoona msiba ukiandaliwa kwa nia njema. Tuliwahi kukagua kigari kilichotengenezwa na fundi mmoja wa kuchomelea, ambaye hatutamtaja. Kilipakwa rangi nzuri, kikawekwa godoro na mwavuli. Lakini kilishikwa na pikipiki mahali pawili tu, na pamoja pakiwa kwenye springi ya nyuma. Fremu ilikuwa imeanza kupasuka. Kigari imara hushikwa mahali panne, pawili chini na pawili juu, kwenye fremu yenyewe. Kisishikwe kwenye springi, wala kwenye kishikio cha abiria, wala kwenye bomba jembamba lililochomelewa juujuu. Ikiwa fremu ya pikipiki ni nyembamba, fundi atengeneze kwanza fremu ya pili ya kuishikilia ile ya kwanza, na aifunge kwa bolti zinazoweza kukaguliwa. Mwambie fundi akuoneshe kila kiungo kabla ya kupaka rangi.

Kisha vipimo. Gurudumu la kigari lisilingane kabisa na gurudumu la nyuma la pikipiki. Litangulie kwa kiasi cha sentimita 15 hadi 25. Tena lielekee ndani kidogo: ukinyosha ubao ulionyooka kando ya magurudumu kila upande, mbele mbao hizo zikaribiane kuliko nyuma kwa milimita 10 hadi 20. Nayo pikipiki iegemee nje kidogo sana, mbali na kigari. Vipimo hivi vikikosewa, usukani huvuta upande mmoja siku nzima, mikono ya dereva huchoka, na tairi huisha haraka.

Jambo la nne ni breki. Kigari kisicho na breki yake kina tabia ambayo dereva mgeni haitarajii. Unapofunga breki, pikipiki husimama, lakini kigari kilichojaa watu hutaka kuendelea na safari. Kwa kuwa kipo kushoto, hukizungusha chombo kizima kuelekea kulia, yaani mbele ya gari linalokuja. Kwa hiyo, ukiwa na fedha za kitu kimoja tu cha ziada, usinunue mwavuli wala redio. Nunua breki ya gurudumu la tatu.

Jambo la tano ni kiti chenyewe. Kiwe na mkanda kwa kila abiria. Mkanda mmoja usifungwe watu wawili, kwa maana mkubwa humbana mdogo. Kiwe na ukingo wa chuma mbele na ubavuni, sakafu isiyo na matundu ili miguu ya watoto isichungulie nje, na kinga baina ya abiria na bomba la moshi na cheni. Akina mama, kitenge na leso vifungwe ndani. Kitambaa kikinaswa na gurudumu humvuta mwenyewe. Helmeti ni ya kila aliyemo, hata aliye ndani ya kigari, nayo ya mtoto iwe ya ukubwa wa mtoto. Taa na vioo vya kurudisha mwanga viwekwe kwenye kona ya kigari, mbele na nyuma, ili anayekuja usiku ajue kwamba taa moja anayoiona ina mwili mpana ubavuni mwake.

Ninyi vijana mlioendesha bodaboda kwa miaka kumi, mtuvumilie kwa neno hili: siku mtakayofunga kigari, mnakuwa wanafunzi tena. Pikipiki ya magurudumu mawili hulala kwenye kona. Yenye kigari hailali. Ukipinda kushoto kwa kasi, gurudumu la kigari huinuka hewani, hasa kigari kikiwa kitupu. Jifunzeni kwanza kwenye uwanja mpana, bila abiria, mkiwa mmefunga mfuko wa mchanga wa kilo 30 au zaidi ndani ya kigari. Punguzeni mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Kwenye barabara zetu za moramu chombo hiki huacha mapito matatu badala ya moja, basi shimo ulilozoea kulikwepa kwa pikipiki, gurudumu la tatu litalitafuta. Msimu wa mvua, penye utelezi au mto uliojaa, abiria washuke. Kwa barabara ya lami iendayo Arua, ushauri wetu ni mwendo usiozidi kilomita 40 kwa saa, na mkae kushoto.

Wengine mtauliza: si bora tukutuku ya magurudumu matatu? Ile ya abiria, yenye viti na paa, ni chaguo jema kwa familia kubwa ikiwa fedha zipo na njia ni pana. Lakini ile ya mizigo ni ya mizigo. Watu waliosimama ndani yake wakishikana mabega hawana usalama kuliko wale watano tuliowakuta jioni ile.

Na kabla ya kununua, tunawaomba mfike kituoni kwetu mkiwa na hati ya pikipiki. Kufunga kigari ni kubadilisha umbo la chombo kilichosajiliwa, na ni rahisi zaidi kuulizana kabla fedha hazijatoka kuliko baada. Leseni na bima viwe hai. Kuuliza hakulipiwi, na anayewatoza fedha kwa kuuliza, tuleteeni habari zake.

Sasa turudi kwa yule baba. Tuseme angekuwa na kigari imara, chenye breki na mikanda. Bibi mgonjwa angekaa ndani, amefungwa vizuri, na mtoto wa miaka minne kando yake. Mama na mtoto mchanga je? Hapa tutawaambia ukweli, ingawa tungependa kuwaambia neno tamu zaidi. Hata kigari kizuri hakiwatoshi watu watano. Mama angesubiri kwa jirani, na baba angerudi kumchukua safari ya pili. Na safari ya mgonjwa aliyezidiwa isingojee chochote: pigeni 999 au 112, au mtumeni mtu kituoni.

Baba aliuliza amwache nani. Leo tunamjibu: usimwache yeyote, ila wengine wangoje. Kungoja si kuachwa. Mafuta ya safari ya pili yana bei, na tunajua si kila mfuko unaiweza kila siku. Ndiyo maana jirani na jirani wapeane zamu na wachangiane, kama mnavyochangiana kwenye kilimo na kwenye misiba. Aliyengojea kwa jirani atafika usiku, amechoka na labda amekasirika. Lakini atafika, na asubuhi mtahesabiana nyumbani mkiwa kamili.

Tumemaliza. Fundi tuliyemwalika yuko hapa na kigari kimoja. Njooni mkishike, mkitikise, mkihesabu viungo vyake wenyewe.