Mkebe wa Filamu Ukinuka Siki

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Lusu, Wilaya ya Nzega)

 

Leo tuzungumze juu ya filamu. Sisemi hizi za kwenye simu. Nasema zile za gari la sinema: jioni linafika, shuka jeupe linatundikwa, mashine inaunguruma, kijiji kizima kinakaa chini. Wazee wanakumbuka.

Mikebe ya filamu za namna ile yaweza kuwa bado imo katika stoo ya shule, ya misheni au ya ofisi. Ukifungua mmoja ukasikia harufu kali ya siki, jua filamu hiyo inaoza. Utepe wake ni wa plastiki iitwayo asetati. Joto na unyevu vikiupata, unatoa asidi, ile ile iliyomo katika siki. Utepe husinyaa, hupinda, mwisho hukatika. Tena mvuke wake huharibu na mikebe ya jirani. Basi utenge mkebe huo, uweke mahali pakavu penye ubaridi. Usiutupe! Wala usiutie kwenye mashine ya sinema kwa kujaribu tu, maana meno ya mashine yatauchana.

Sasa mtaniuliza, dawa yake nini? Dawa ni kuhamisha picha mapema. Filamu ni picha nyingi zilizofuatana. Kila sekunde hupita picha 24. Piga hesabu: dakika moja ni picha 1,440, na dakika 10 ni picha 14,400. Mashine nzuri ya kuhamishia hunakili kila picha peke yake, ikaiweka katika kompyuta.

Iko njia ya mkato. Unaonyesha filamu ukutani, unairekodi kwa kamera ya video. Lakini picha hupepesa kama kibatari kwenye upepo, kwa sababu video yetu huenda picha 25 kwa sekunde, na filamu 24. Hata hivyo, kama utepe bado mzima na fedha hakuna, mimi naona afadhali picha ya kupepesa kuliko kukosa.

Maana tumekwisha kukosa nyingi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa BEKE, huko Vugiri, Tanga, ulitengeneza filamu fupi kama 35. Walioucheza mchezo ni Waafrika. Nia ya mradi ilikuwa ya kikoloni, sikatai, lakini sura ni za babu zetu. Leo zinazojulikana kubaki ni tatu tu, nazo ziko Uingereza. Moja inaonyesha wakulima wa Kingolwira, Morogoro.

Na kuhamisha mara moja hakutoshi. Wengi walihamishia kwenye kanda za VHS wakatupa filamu. Kumbe mashine za kanda hizo zilikoma kutengenezwa mwaka 2016, na kanda zenyewe zinachakaa. Kwa hiyo nakala ziwe mbili au zaidi, na filamu ibaki.

Kabla fundi hajapatikana, iko kazi yenu ya kalamu. Waulizeni wazee: filamu hii ilipigwa wapi, mwaka gani, aliyeshika jembe ni nani? Andikeni. Karatasi hiyo ifungwe nje ya mkebe, isitiwe ndani, maana asidi itaila.