Moyo Usiolegea: Kupima Mapema Wenye Kisukari na Unene

Kliniki zetu zimezoea kuutilia shaka moyo pale mgonjwa anapohema akipanda mlima, au miguu inapovimba jioni. Kwa mtu mwenye kisukari na unene uliokithiri, kufikia hapo tumechelewa miaka. Moyo wake hauanzi kwa kuishiwa nguvu za kusukuma damu, huanza kwa kukakamaa. Kuta za chumba cha chini cha kushoto hazilegei vizuri kati ya pigo na pigo, damu inayotoka mapafuni haipati nafasi, na shinikizo hurudi nyuma polepole. Anayeangalia kiasi cha damu kinachosukumwa kwa kila pigo atasoma asilimia 60 na kumwambia mgonjwa aende zake salama. Mwaka 1972 mtafiti Rubler na wenzake walieleza wagonjwa wanne wa kisukari ambao mioyo yao ilishindwa ingawa mishipa ya moyo haikuziba. Miaka miwili baadaye watafiti wa Framingham, Marekani, walionyesha kwamba kisukari huongeza hatari ya moyo kushindwa takriban mara mbili kwa wanaume na mara tano kwa wanawake. Hiyo mara tano ya wanawake ingepaswa kutunyima usingizi.

Nitaambiwa kwamba Rwanda ina kazi kubwa zaidi, maana uchunguzi wa kitaifa wa 2012 na 2013 ulikuta wenye kisukari ni takriban asilimia 3 tu ya watu wazima. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuanza: waliokwisha kutambuliwa wanarudi kliniki kuchukua dawa, na idadi yao inamudika. Tena ujuzi tunao. Tangu 2006, katika hospitali za wilaya mashariki mwa nchi, Rwinkwavu ikiwemo, wauguzi walifundishwa kupima moyo kwa ultrasaundi kwa njia iliyorahisishwa. Njia hiyo ilikusudiwa kunasa moyo uliotanuka na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, si moyo uliokakamaa. Kwa hiyo hapa wilayani Rubavu tungeongeza vipimo viwili: ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto na kasi ya misuli inapolegea.

Pingamizi zito zaidi linahusu kipimo cha damu cha NT-proBNP, ambacho hupanda moyo unapoelemewa na kingetuchagulia wa kupelekwa kwenye mashine ya ultrasaundi. Unene hushusha kiwango chake, hivyo mtu mnene anaweza kupata jibu zuri la uongo. Ni kweli, na dawa yake ni kushusha kizingiti kwa wanene na kutomwachilia mwenye shinikizo la juu au figo dhaifu kwa sababu ya namba moja. Na tukishagundua? Jaribio la PONTIAC, lililochapishwa 2013, lilichukua wagonjwa 300 wa kisukari ambao kipimo hicho kilikuwa juu bila ugonjwa wa moyo uliojulikana. Waliopandishiwa dozi za dawa za shinikizo za kundi la enalapril na za kutuliza mapigo walilazwa au kufa kwa ajili ya moyo kwa asilimia 65 pungufu kuliko wenzao ndani ya miaka miwili. Jaribio ni dogo, nakiri, lakini dawa zenyewe ni za zamani na za bei nafuu. Kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Gisenyi, hapa wilayani, inaweza kuanza na wanawake wanene waliopita miaka 45, mara moja kwa mwaka, siku ileile wanayokuja kupimwa sukari.